Uso wa Oretta Ukutani

Oretta, dobi wa mji wa Siena, alikuwa msichana mcheshi wakati mchoraji alipouazima uso wake kumchora Bikira Maria ukutani mwa kanisa, nyuma ya altare. Basi, balaa! Tangu hapo akipita, wanaume walivua kofia na kufanya ishara ya msalaba. Kumposa? Thubutu! Hata Duccio mwoka mikate, aliyezoea kumkonyeza kila asubuhi, sasa aliinamisha macho. Akicheka kisimani, wanawake walimkemea: "We Oretta! Mama wa Mungu hacheki hovyo hivyo!"

Akamwendea mchoraji. "Nifute, mzee wangu. Nakuomba."

"Nikufuteje, binti? Chokaa mbichi hunywa rangi. Imeshakauka, nawe umo ndani. Labda ukavunje ukuta."

Nani avunje ukuta wa kanisa? Oretta akafua nguo za wake za watu, akazeeka peke yake, kicheko amekimeza. Sikukuu moja alisimama mbele ya uso ule, mashavu yake yamejaa makunyanzi. Mwanamke kijana akamsukuma kwa kiwiko.

"Bibi, hebu sogea huko. Unatuzibia Mama Maria."