Mjumbe wa Saba

Mimi ni karani wa idara ya menejimenti, na kwa miaka kumi na tisa nimechapa kila alichoandika Daktari Akidi. Jina hilo walimpa wanafunzi. Alifundisha uendeshaji wa vikao, na utafiti wake mkubwa ulithibitisha kwamba kikao kisicho na wajumbe wote ni porojo zenye chai. Kwa bahati mbaya, chuo kilimsikiliza. Akaombwa aandike kanuni: kamati ya kupandisha vyeo iwe na wajumbe saba, wote wawepo, na hakuna kutuma mwakilishi. Yeye mwenyewe akateuliwa kuwa wa saba.

Ikafika zamu yake ya kuomba uprofesa. Machapisho alikuwa nayo ya kujaza kabati. Lakini kanuni yake ilisema pia kwamba anayejadiliwa atoke nje. Akatoka. Ndani wakabaki sita, kikao kikaahirishwa. Mwaka uliofuata, vilevile. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila huyu aliingia na vitabu vyake.

"Jiuzulu hiyo kamati, baba watoto," mkewe alimwambia siku moja alipomletea miwani aliyoisahau nyumbani.

"Atakayeziba nafasi yangu atateuliwa mwakani. Mimi nastaafu mwezi ujao."

"Basi ibadilishe kanuni."

"Hiyo ni kazi ya baraza. Na baraza halijawahi kutimia tangu niwaandikie ya kwao."

Mama wa watu akanigeukia, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewaozesha.

Kikao chake cha mwisho kilikuwa na maombi mawili. Alikuja na homa, sweta mbili mwilini, kwa sababu ombi la kwanza lilikuwa la binti mmoja, mwalimu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, na bila yeye lisingesikilizwa. Mikono saba ikanyooshwa. Binti akawa profesa kabla ya mwalimu wake, na mwalimu akapiga makofi mpaka kikohozi kikamkamata.

Likafuata la kwake. Akafunika kalamu, akainuka.

"Kaa tu, Mzee," mwenyekiti akasema. "Ukiwepo tunatimia saba. Karani ataandika tu kwamba ulitoka wakati wa kukujadili."

Nilikuwa nimekwisha kuandika. Kusema kweli ningeandika hata kwamba amepaa mbinguni, mradi apate.

Akainama akasoma daftari langu. "Futa, mwanangu."

"Mzee, ni leo au basi tena."

"Najua. Futa."

Nikafuta. Akatoka, akauvuta mlango taratibu. Nilimkasirikia mpaka machozi yakanitoka mbele za watu. Kisha nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, kwamba wajumbe waliokuwepo ni sita, na wa saba alikuwa nje ya mlango, kwa hiari yake.