Debe la Vumbi Chini ya Grinda

Jambo hili lote liligharimu mabati matatu, ukuta wa mbao, nyusi moja ya rafiki yangu, na mkanda mpya wa msasa ambao haukuwa na kosa lolote. Nimehesabu mara mbili.

Mwanangu, jana ulinionyesha kwenye simu picha ya grinda ya mkanda unayotaka kununua ili utengeneze visu, ukaniuliza kama bei ni nzuri. Bei si mbaya. Mwambie muuzaji apunguze, ataguna, utajifanya unaondoka, mtakubaliana. Lakini kabla hujaifunga mashine hiyo pale mjini Wote, keti kidogo nikueleze siku moja ninayoikumbuka kwa pua kuliko kwa macho.

Nilikuwa kijana kama wewe, ila mwembamba zaidi. Mimi na Mutisya tulikodi kibanda nyuma ya soko. Mimi nilitengeneza visu na panga kutoka kwa springi za lori. Yeye alichonga mipini, na mipini ikiisha anachonga twiga, maana Mkamba akiona kipande cha mti hawezi kukiacha hivyo hivyo. Grinda tuliinunua Malili kwa fundi aliyekuwa anahama. Alituuzia haraka sana. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini bei ikishuka masikio yangu huziba.

Kuifunga kulituchanganya tangu mwanzo. Tuliikaza mezani kwa bolti, tukawasha, nikagusisha kisu cha kwanza. Kisu kikanitoka mkononi, kikapita kando ya sikio, kikachoma ubao wa paa. Tukakitazama kule juu.

"Hicho kimekataa kazi," Mutisya akasema.

Kumbe mota ilikuwa inazunguka kinyume. Mkanda ulikuwa unapanda badala ya kushuka. Mwanangu, mkanda lazima ushuke mbele yako, kuelekea kile chuma cha kuegemezea kisu, ili ukinasa kitu ukisukume chini na si usoni mwako. Chuma hicho nacho ukisogeze karibu na mkanda hadi ncha ya kisu ikose pa kuingia. Kabla ya kuwasha, zungusha mkanda kwa mkono uone kama unateleza pembeni. Ukiwasha, simama kando kwanza. Mkanda mbovu hukatika mwanzoni, na haukupigii hodi.

Hayo tuliyajua baada ya siku chache, tukaanza kujiona mafundi. Hapo ndipo nikapata wazo la kubana matumizi. Tulikata debe la mafuta, tukaliweka chini ya mkanda lipokee vumbi. Asubuhi Mutisya anasugua mipini yake. Mchana mimi nasaga chuma changu. Mashine moja, meza moja, debe moja. Nilijipongeza hadi nikanunua chai.

Debe lenyewe liliegemea ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta huo alishonea Mama Ndunge. Alikuwa rika la mama yangu, nami nilimwita Mwaitu, kama kila mtu kwetu anavyomwita mama yake. Wiki ile alikuwa na sare za shule, sweta na sketi, zimejaa ukutani upande wake. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na wazazi walishampa kitambaa.

Jumamosi hiyo nilisaga panga hadi mchana, nikazima, tukaketi nje. Baadaye kidogo nikasikia harufu ya moshi.

Tuliingia ndani. Mota baridi. Swichi baridi. Nikashika mkanda, baridi. Mutisya akanusa waya mmoja mmoja kama mbwa wa polisi. Hakuna kitu. Tukatoka nje, harufu ikapotea. Tukaingia, ikarudi.

"Kwani moshi unatoka wapi na hakuna moto?" nikauliza.

"Ni pasi ya yule mama," Mutisya akasema. "Ya makaa. Lazima."

Ilinielea vizuri, maana ilikuwa inamlaumu mtu mwingine. Nikaenda kwake. Alikuwa na wateja wawili.

"Mwaitu, pasi yako inaunguza kitu."

"Pasi yangu haina makaa tangu asubuhi. Leo nashona vifungo."

"Hebu tuangalie."

"Uangalie nini, Kyalo? Mimi sijui pasi yangu?"

Nilibishana naye kama ninayenunua mbuzi. Mwishowe akaifungua ile pasi mbele ya wateja wake, akaigeuza juu chini. Likaanguka jivu baridi. Wateja wakacheka. Yeye hakucheka.

"Huo moshi umekuja nao," akaniambia. "Nguo zako ndizo zinanuka. Rudi kwako ukaangalie vizuri."

Sikujua niombe msamaha au niangalie jiko lake la chai. Wakati huo Mutisya, kule ndani, alikuwa amefikiria kulivuta debe. Alilivuta, akalitikisa, na hewa ikaingia. Moto ukaruka mara moja. Nyusi yake ya kushoto ikaenda, na ukuta ukashika pamoja na mkanda mpya wa msasa uliotundikwa hapo.

Cheche ya chuma ikiingia kwenye vumbi la mbao haizimiki. Inajichimbia ndani, inakula polepole bila mwali wowote, mashine imezimwa na wewe unakunywa chai. Hadi leo jambo hilo linanichanganya, kwamba kitu kinaweza kuungua namna hiyo na juu yake kikabaki kama unga tu.

Tulimwaga ndoo ya maji ya kupozea visu. Nikapiga teke mbao na mabati hadi upande ule ukaanguka. Mama Ndunge alikuwa anavuta sare kwa mikono yote miwili. Nyingi zilipona. Zile zilizokuwa karibu na ukuta hazikupona, na zingepona kama dakika zile asingezimaliza akinionyesha jivu.

Nilimwambia nitalipa kitambaa, na nikalipa. Lakini Mwanangu, yule mama hakuwa anafanya kazi Jumapili. Hata mvua ikinyesha kwenye mahindi yaliyoanikwa, Jumapili alikuwa kanisani. Jumapili ile nilipita kibandani nikasikia cherehani. Alikuwa peke yake, mlango nusu wazi, anashona sweta za watoto wa watu. Kwaya ilikuwa inasikika kutoka barabarani.

"Mwaitu, niambie nikulipe nini zaidi," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Kitambaa umelipa. Na Jumapili yangu utailipa na nini?"

Watoto Jumatatu walivaa sare zao.

Basi shika haya. Mbao na chuma zisikutane kwenye debe moja. Ukimaliza mbao, fagia, mwaga nje, futa hata chini ya meza, ndipo usage chuma. Debe la cheche liwe na maji, na likae mbali na ukuta. Glavu za kitambaa usivae, mkanda ukishika uzi unachukua na kidole. Vaa miwani, funga pua, kunja mikono ya shati. Ukizima mashine usiondoke, kaa, nusa. Na ukisikia moshi, anza kutafuta kwako kabla ya kwenda kwa jirani.

Mungu akutunzie macho na vidole vyote. Akupe chuma kizuri, na wateja wasiobishana kama mimi.

Sasa nisaidie na wewe. Mama Ndunge amezeeka, macho hayaoni sindano, lakini bado tunasalimiana vizuri. Ukuta nilimjengea. Kisu cha jikoni nilimpa, akashukuru. Kila nikimfikiria narudi kwenye swali lake lile, na silipatii njia. Nyinyi vijana mna akili ya siku hizi: ungekuwa mimi, Jumapili ya mtu ungeilipa na nini?