Ala Kumi na Moja Ukutani

Nilikuwa nimezitundika sebuleni: ala kumi na moja za bastola za kijeshi, mifuko ya ngozi ya kuzichomeka kiunoni, nyingine zina zaidi ya miaka mia. Bastola zenyewe sikuwahi kuzitaka. Nilipenda ngozi iliyoiva, mshono wa mkono, mhuri wa kiwanda nyuma. Mke wangu alinionya. "Mtu akiziona atadhani uko na bunduki," alisema. Nikamcheka, tena si mara moja.

Walikuja Jumamosi saa sita mchana, wanaume wawili. Waliingia wakilifuata gari letu kabla geti halijajifunga, hapa mtaani kwetu Kensington. Kufumba na kufumbua mke wangu alikuwa kifudifudi sakafuni sebuleni, mmoja wao amemkanyaga mgongoni. Nilidhani watachukua simu na televisheni waende zao. Lakini yule mrefu, mwenye bastola, aliinua macho ukutani akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Madala, hizi ni kumi na moja," akasema, akiniita mzee kwa lugha ya mtaani. "Bunduki kumi na moja ziko wapi?"

Nikamwambia hakuna hata moja. Akamwekea mke wangu bastola kisogoni, akaniambia nifikiri vizuri. Niliogopa vibaya sana, kwa sababu nilikuwa nasema kweli na kweli yenyewe ilikuwa ya kipumbavu. Nani hukusanya mifuko mitupu?

"Jaribu kuitia yako humo," nikasema.

Nikatungua ala moja. Nikamweleza kwa sauti ya kutetemeka kwamba ilikatwa kutoshea bastola za zamani zenye tumbo nene la kuzungusha risasi, na kwamba mimi hununua ngozi tu, kwa wauza vitu vya kale. Nikamwonyesha mshono, jinsi fundi alivyozidisha nyuzi pale ngozi inapovutika. Nikamwonyesha mhuri. Akaitumbukiza bastola yake. Ikazama yote na mpini wake, akaichomoa kwa vidole viwili.

"Eish," akasema, akacheka. "Huyu mzee ni mgonjwa."

Wakabeba simu, kompyuta na funguo za gari, wakaondoka nalo.

Nilimwinua mke wangu. Nilitaka kumkumbatia, akanizuia kwa kiganja.

"Ulipofika kwenye mshono," akasema, "sauti yako iliacha kutetemeka. Ulikuwa unafurahia."

Nikageuka kuitazama ile ala.

"Na mimi nilikuwa hapo chini," akasema.