Baraza Lililoondoka na Mgeni

Jamani, leo baraza nililounda limemchukua mgeni wa posa likampeleka zizini.

Bi Heri alikuwa ameniagiza: "Fundi, mlango wa punda usionekane. Wakija kumposa binti yangu, waone ukuta tu."

Basi nikaupaka mlango chokaa ile ile ya ukuta. Nikaugongomea na baraza fupi la mbao, likaungana na lile la mawe la mbele ya nyumba. Nilipolitazama kutoka barabarani, niliona weupe mmoja, mtulivu kama usingizi.

Wageni wakaja. Baba wa kijana akachagua kukaa wapi? Pale pale.

Akaegemea. Na komeo, wallahi, nilisahau kulitia.

Mlango ukafunguka kuelekea ndani, taratibu, bila hata kulia. Mzee akaenda nao, kikombe cha kahawa mkononi, kama wingu linavyopita. Wapagazi wa msafara wao wa posa wakasimama na mizigo yao kichwani.

Akafika mbele ya punda. Wakatazamana.

Bi Heri akanikata jicho. Nikajua posa imevunjika.

Mzee akamaliza kahawa yake.

"Nimepiga hodi nyumba nyingi," akasema. "Hakuna iliyonibeba ikaniingiza yenyewe. Bi Heri, tupeni mke."

Sasa niambieni: komeo nilitie, au niliache?