Kadi Namba Saba

Barwako binti Roba alikuwa mkaidi tangu utotoni, na ukaidi huo ndio uliomponza. Mwaka wa tisini na nane, maji ya El Niño yalipopungua Garsen, alikuwa karani wa kompyuta katika shirika moja la misaada. Mafuriko yalimwachia baba yake vitu viwili tu: yeye Barwako, na kibuyu cha maziwa cha marehemu mkewe. Ng'ombe wote arobaini walikwisha, wengine kwa maji, wengine kwa homa iliyofuata.

Shirika likaleta mitamba sitini kwa wafugaji na mbegu kwa wakulima. Waliojiandikisha, kila mmoja akipewa kadi yenye namba kwa zamu ya kufika, walikuwa wengi kuliko msaada, ikaamuliwa kompyuta ipige kura, maana kompyuta haina shangazi. Lakini nani atangulie? Wafugaji walikataa kuwa wa pili, na wakulima vilevile. Hapo Barwako akajidai fundi. Aliandika programu yenye nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda wakati mmoja, moja ikichagua wafugaji, nyingine wakulima, zote zikichota namba za kubahatisha kutoka chemchemi moja. Namba ikijirudia, ichukuliwe kadi inayofuata ambayo haijatoka. Alijaribu kila uzi peke yake, ukaenda vizuri.

Siku ya kura zilikwenda pamoja. Kadi namba saba ya Roba ikatoka. Mzee alirudi nyumbani, akawasha vijiti vya kunukia, akakifukiza kile kibuyu tayari kwa maziwa, kwa mikono yake mwenyewe, kazi ya wanawake ambayo hakuwahi kuifanya maishani. Jioni alikaa mlangoni akikinusa na kutabasamu.

Kesho yake Barwako aliipanga orodha ya wafugaji ili aibandike ukutani. Moja, mbili, tatu, nne, hadi thelathini na nane, bila pengo hata moja; ni zile ishirini na mbili za mwisho tu zilizotawanyika. Kura ya bahati haipangi foleni hivyo. Nyuzi zile zilikuwa zimevamia chemchemi kwa pamoja, kila mmoja ukivuruga hesabu ya mwenzake, mpaka ikakwama na kutoa sifuri tupu. Kompyuta huanza kuhesabu kwa sifuri, kwa hiyo sifuri ilikuwa kadi ya kwanza. Ilipokwisha kuchukuliwa ikafuata ya pili, kisha ya tatu. Waliojiandikisha mapema, majirani wa ofisi kama baba yake, walipata bila bahati yoyote. Watu wa kijiji cha Chara, waliozuiwa na maji wakafika mwisho, walikuwa wamenyimwa kura yenyewe. Na yeye ni mtoto wa mfugaji! Kisimani mmoja huteremsha ndoo, mwingine akangoja zamu. Jambo alijualo mtoto wa miaka sita, msomi wetu alilisahau.

"Nani mwingine ameona?" aliuliza Bwana Mahadi, mkubwa wake.

"Hakuna."

"Basi iache, dada yangu. Mitamba inagawiwa kesho kutwa. Utaivunja nyumba yako mwenyewe?"

Barwako alitaka kunyamaza. Nisiwadanganye, alitaka sana. Akamfikiria mzee wake, Aba kama alivyomwita, na tabasamu lake.

"Nikinyamaza, nitakuwa nimemlisha Aba cha mtu," alisema.

Akaweka kufuli ndani ya programu: uzi mmoja ukichota, mwingine ungoje. Kura ikarudiwa, na safari hii namba zikatawanyika zilivyotaka zenyewe. Barwako aliisoma orodha mara tatu akiitafuta saba. Haikuwamo.

Alimkuta baba yake palepale mlangoni.

"Aba, kura ya kwanza iliharibika. Kosa ni langu. Tumerudia, na namba yako haikutoka."

Roba alilitazama zizi tupu.

"Nani amepata?"

"Wengi, Aba. Mmoja ni mjane wa Chara, anaitwa Abdia. Kadi mia tatu na mbili."

"Ana chombo cha maziwa?"

"Maji yalichukua vyote."

Mzee akainuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na kibuyu.

"Mpelekee. Kimeshafukizwa. Kikikaa bure hapa, harufu itapotea."

"Aba, hiki ni cha mama."

"Najua ni cha nani."

Barwako alikipokea kwa mikono miwili. Alipopanda lori la mitamba alifungua kifuniko kidogo tu. Ndani mlinukia mama yake. Akakifunga haraka, akakipakata, akalia njia nzima hadi Chara.