Jivu Kwenye Miche ya Parachichi

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu, nilipoona jani la kwanza la njano. Kila siku kabla ya chai huchuma jani moja kitaluni, nikalilaza juu ya kitambaa cheupe, nikalizungushia penseli, kisha nikalidarizi. Vitambaa vya makochi yetu vyote ni majani: kahawa, maharage, pasheni, na miaka hii ya karibuni parachichi.

Nilitoka nje kuhesabu. Nyuma ya nyumba yetu hapa Tunduma nilikuwa na miche mia mbili na arobaini ya parachichi, niliyoibebesha vikonyo vya aina bora kwa mikono yangu, kila mmoja kwenye kiriba chake, mfuko mweusi wa plastiki. Katika mistari minane, saba ilikuwa imepauka. Baada ya wiki nne kikundi cha akina mama wa Itumba kingekuja kuichukua.

Mume wangu, anayeshughulikia nyaraka za malori mpakani, aliitazama akiwa ameshavaa viatu vya kazini.

"Huo ni ugonjwa wa mizizi. Ng'oa, choma, kabla haujafika kwenye miti ya jirani."

"Nipe siku mbili."

"Sisi mzigo ukitiliwa shaka hatuupi siku mbili."

"Foleni ya malori yenu ni ya siku ngapi?"

Alicheka, akaniachia mpaka Jumatano jioni.

Sikusoma kilimo darasani. Nilichonacho ni vitabu vya sekondari vilivyotumika, nilivyovinunua kimoja kimoja sokoni. Lakini siku ile nilianzia kwenye kikapu cha nyuzi. Nilichagua uzi wa njano, nikadarizi nusu ya jani, likaonekana la uongo. Nikalishika la kweli dirishani. Mishipa yake ilikuwa bado kijani, hata ile midogo kabisa; njano ilikuwa katikati ya mishipa tu. Nilihitaji nyuzi mbili. Nikarudi kitaluni na nyuzi zote mbili mkononi, nikalinganisha mche kwa mche. Majani machanga ya juu ndiyo yaliyopauka. Ya chini, yaliyokomaa, yalikuwa mazima.

Ndipo nikafungua kitabu. Majani machanga yakiwa ya njano na mishipa ya kijani, mmea umekosa chuma. Udongo wetu ni mwekundu kwa chuma, kwa hiyo kilikuwepo, ila kitu fulani kiliuzuia mche usikipate. Nilichana kiriba kimoja. Mizizi ilikuwa myeupe na safi.

Nikaweka udongo wa mche mgonjwa kwenye kisosi, nikaukamulia limau. Ukatoa povu. Udongo wa mstari wa nane haukutoa kitu. Kitabu kilisema udongo wenye magadi hutoa povu ukikutana na ndimu au limau, na magadi huufungia mmea chuma; nyumbani kwetu chenye magadi ni jivu la jiko.

Mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu kutoka milima ya Ileje, alikuwa mlangoni mwa jiko akichambua maharage.

"Sasa unaipikia miche, mwanangu?"

"Natafuta aliyeitia jivu, mama."

Aliendelea kuchambua. "Ni mimi. Niliona wadudu. Kwetu maharage yote tunayatia jivu."

"Ulitia kiasi gani?"

"Konzi moja kila mfuko; kila asubuhi nikizoa jivu jikoni, naendelea na mifuko mingine mpaka linapoisha. Sikukisia. Najua wewe ni mtu wa vipimo. Ule mstari wa mwisho sikuwa nimeufikia."

Sikuwa na la kumlaumu. Miche mia mbili na kumi, konzi moja moja, ni kazi ya mtu makini. Siku ile na iliyofuata tulikaa wawili tukikwangua udongo wa juu na kuweka wa msituni, yeye akinisahihisha namna ya kushika kijiko. Jumatano jioni nilimwonyesha mume wangu ile mizizi myeupe, nikaukamulia limau udongo tuliokwangua, mbele yake. Aliangalia povu, kisha akamwangalia mama yake.

"Basi kiberiti kirudi jikoni," akasema.

Siku ya kumi na moja machipukizi mapya yalitoka, kijani mpaka ukingoni. Mama mkwe aliyaona kabla yangu, akaja kuniita nikiwa nafua. Nilisimama pale na mikono yenye povu la sabuni.

Akina mama wa Itumba walipokuja walibeba miche mia mbili thelathini na minne. Sita ilikufa, mmojawapo ule niliouchania kiriba. Kwa shilingi elfu tatu na mia tano kila mche, hasara yote ilikuwa shilingi elfu ishirini na moja.