Mashine Nne za Kumshusha Mama Mkwe

Mwaka juzi nilitumia wiki tatu kulinganisha nakala nne za mashine ambazo sijawahi kuziona kwa macho, kusudi sauti ya mama mkwe wangu ishuke bila mwenyewe kujua. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa na kazi ya maana.

Naishi Kiseke, hapa Mwanza. Chumba cha tatu cha nyumba yetu, ambacho mke wangu alikipangia wageni, nilikigeuza studio. Nilisimamisha magodoro ukutani, nikatundika blanketi dirishani, nikaweka kompyuta na spika mbili, na tangu siku hiyo wageni wetu hulala sebuleni. Humo narekodi kwaya, matangazo ya maduka, na mara moja moja msanii mwenye wimbo kuhusu mwanamke aliyemwacha.

Kwaya ya kanisa letu kule Buswelu ilitaka kurekodi nyimbo zake, na kikwazo kilikuwa mama mkwe. Alizaliwa Nansio, kwa Wakerewe, akaolewa huku, akawa mmoja wa wanawake wanne walioianzisha kwaya wakati kanisa lilikuwa bado turubai. Watatu wametangulia. Yeye bado anasimama mstari wa mbele, na akianza kuimba, wale thelathini na kitu waliobaki wanakuwa wasindikizaji. Haimbi vibaya hata kidogo. Anaimba kama mtu anayemwita mwenye mtumbwi aliyekwisha kufika mbali ziwani.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Mwalimu wa kwaya aliwahi kumhamishia mstari wa nyuma, kwa maelezo marefu kuhusu urefu wa watu. Jumapili iliyofuata mama alirudi mbele, na mwalimu ndiye aliyehama.

Basi Jumamosi moja asubuhi mwenyekiti wa kwaya, mwalimu mstaafu, alikuja nyumbani kwangu. Alikunywa vikombe viwili vya chai, akauliza habari za mvua, za mahindi na za wazazi wangu, kisha akasogeza kiti.

"Tunasikia nyie wataalamu mna mashine," akasema. "Mtu akizidi, inampunguza."

"Ipo, mzee. Inaitwa kompresa."

"Ile ya upepo?"

"Hapana, hii ya sauti."

"Basi hiyo hiyo." Akatazama mlango kwanza. "Mama yetu ni mtu mzima. Kumwambia ni kumkosea heshima. Lakini mashine ikimpunguza, hapo hakuna aliyesema kitu."

Nikamkumbusha kwamba huyo mama ni mkwe wangu.

"Ndiyo maana tumekuja kwako," akasema. "Wewe humwambii hata iweje."

Alikuwa amenijua vizuri. Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali, na mimi nililelewa na bibi ambaye kwake adabu ilikuwa somo la kila siku. Kwa miaka tisa ya ndoa nilikuwa sijakaa meza moja na mama huyo wala kumtazama usoni. Nilizungumza naye nimeinamisha kichwa, kwa sauti ya chini chini kama ya mtu anayeungama. Wazee walinisifia sana. Yeye mwenyewe alikuwa na majibu ya ajabu. Nikimwamkia shikamoo, mara nyingine alinijibu kwamba mvua imenyesha. Nilidhani ndivyo Wakerewe walivyo.

Nieleze kidogo. Kompresa ya sauti ina tabia ya mpishi wa wali: sauti ikitaka kufurika, inapunguza moto, ikitulia, inauacha. Ukimaliza, makubwa yamekuwa madogo kidogo, na madogo unaweza kuyainua yakasikika. Zinazosifiwa ni zile za zamani, masanduku ya chuma mazito kama cherehani, yaliyotumika kwenye studio za Ulaya na Marekani kabla sijazaliwa. Kama lipo hata moja hapa Mwanza, limefichwa kwa ustadi. Kwa hiyo waandishi wa programu wamezinakili ndani ya kompyuta. Unapakua nakala, unaijaribu siku chache, kisha unaletewa bei, unaanza kujiuliza kama familia inaweza kupunguza nyama.

Nilipakua nne. Ya kwanza, ya rangi ya fedha, ilikuwa imechorewa skrubu, na skrubu mbili kati ya hizo zilikuwa na kutu ya kuchorwa. Bati la nyumba yangu lina kutu halisi, na hakuna aliyewahi kuja kulinakili. Hii ya fedha ilikuwa nzito kushtuka: mama alikuwa anafika katikati ya neno ndipo inaamka, kama mtu aliyeitwa akaona kwanza amalize chai. Ya pili, ya kijani, ilisifiwa mtandaoni kwa kuwa na joto. Mtaalamu mmoja aliandika kurasa nzima juu ya joto hilo, na nadhani anakaa nchi ya baridi, maana huku mwezi wa kumi joto halimsisimui mtu. Ya tatu, ya bluu, sikuona inachofanya, jambo ambalo wataalamu walilitaja kuwa ndio uungwana wake. Ya nne ilikuwa nyeusi na yenye haraka. Ilimkamata mama kabla hajafumbua kinywa vizuri.

Shida ni kwamba nilikuwa nimerekodi kwaya nzima pale kanisani kwa maikrofoni mbili, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo. Sauti zote zilikuwa zimechanganyika kama maziwa kwenye chai. Mashine ilipomkandamiza mama, iliwakandamiza wote. Akiingia yeye, kwaya inazama. Akivuta pumzi, kwaya inaibuka. Nakala nne za ustadi mkubwa zilikuwa zimefikia desturi ile ile ya kwaya, kwamba mama akianza, wengine wakae kimya.

Ningekuwa mtu mwenye akili ningeishia hapo. Badala yake nilikaa wiki mbili nikizungusha vitufe vya kuchorwa, nikiandika kwenye daftari maneno kama "utamu" na "pumzi", nikimwita mke wangu kila nusu saa asikilize tofauti. Mara ya kwanza alisema ya pili ni nzuri. Mara ya sita alisema nimuulize mama yake.

Kamati ya kwaya ilikuja kusikiliza. Kwetu jambo halijawa jambo mpaka likaliwe kikao, na watu wanane walijipanga sebuleni na ajenda mkononi: kufungua kwa sala, kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, ambacho hakikuwapo, kusikiliza rekodi, na mengineyo. Niliwachezea A, B, C na D bila kuwaambia ipi ni ipi. Katibu akasema A ni kavu, ila C inagusa. Mhazini, mzee mwenye besi nzuri kuliko wote, akasema C ina upako. Mwenyekiti akatetea A. Wakapiga kura, kura zikafungana, wakaanza kuinuliana sauti. Hapo nikasimama na kuwaeleza, kwa muda usiopungua robo saa, kinachoipa C joto lile.

Walipoondoka niligundua kwamba A na C zilikuwa kitu kimoja. Nilisahau kuziwasha. Walichogombania kilikuwa rekodi tupu, mara mbili, pamoja na hotuba yangu. Niliona aibu, na sikumwambia mtu. Kikao cha pili kiliahirishwa kwa kuwa akidi haikutimia, ingawa chai iliisha. Cha tatu kikaunda kamati ndogo.

Siku hiyo ya kamati ndogo nilichoka. Ile nyeusi ina vifungo vinne vya ukali, na unatakiwa kubonyeza kimoja. Inasemekana mafundi wa zamani walivibonyeza vyote kwa pamoja, kwa makosa au kwa utundu, na mashine ikapagawa. Walioinakili wakanakili na kupagawa huko. Nikabonyeza vyote. Kila kitu kikawa na kimo kimoja: mama, besi, wanaovuta pumzi, benchi linalolia, kunguru juu ya bati, pikipiki barabarani. Ilikuwa rekodi mbaya kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nikacheka, nikaenda kula, nikaiacha hivyo hivyo.

Kesho yake alasiri mama mkwe akaja. Mke wangu alikuwa kazini. Nilimkaribisha sebuleni, nikasimama kando ya mlango, macho kwenye zulia.

"Shikamoo, mama."

"Ya kwangu yamekwisha, haya ni ya kaka yangu kule Nansio," akasema, akiweka chini kapu la machungwa. "Nimesikia wimbo umeiva. Niwekee nami nisikie."

Wimbo wenyewe haukunitisha. Niliogopa asije akasikia tulichokuwa tunamfanyia, akajua kwamba watu aliowaanzishia kwaya wanamfuta kidogo kidogo, na kwamba mfutaji ni mume wa binti yake.

Kumwingiza studio haikuwezekana. Mtu na mama mkwe wake katika chumba chenye magodoro, hata kama magodoro yako ukutani, ni kesi. Nikageuza spika zikatazama sebuleni, nikabonyeza, nikajibanza nyuma ya kompyuta. Ndipo nilipoona kwamba ile nyeusi bado inawaka, vifungo vyote vinne viko chini.

Wimbo ukaisha, kunguru na wote.

"Rudia," akasema mama.

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

"Huyo wa besi ni nani?"

"Mhazini, mama," nikajibu kwa sauti yangu ya adabu.

"Maana ni kama mhazini. Na yeye si aliacha kuimba?"

Mhazini hajawahi kuacha. Kila Jumapili anasimama nyuma ya mgongo wake.

"Na hao wa sauti ya pili, kumbe ni wengi hivyo," akaendelea, sasa akijisemea mwenyewe. "Mimi pale mbele nasikia ngoma na kichwa changu, basi. Nikajua wenzangu wamelegea. Nikawa nawasukuma."

Nilitoka mle chumbani. Alikuwa amevuta kiti hadi mbele ya spika, mkono nyuma ya sikio, macho yana machozi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama usoni, na nilishangaa jinsi mke wangu anavyofanana naye.

"Huyu anayepiga kelele juu ya watu," akasema, "ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Eh?"

"Ni wewe, mama."

"Baba, sema kwa nguvu. Katika watu wote, wewe ndiye sikusikii kabisa. Miaka tisa naona midomo inacheza, nakisia tu. Namwambia binti yangu, mumeo mtu mwema, ila hana maneno."

Miaka tisa. Rambirambi nilizompa alipofiwa na mumewe, shukrani za arusi, salamu za kila sikukuu, yote nilikuwa nimeyapeleka kwenye zulia. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti kama ninavyompazia dereva wa bodaboda anayepita.

"Ni wewe, mama! Unatufunika wote!"

Akatikisa kichwa taratibu.

"Mwenyekiti anajua?"

"Anajua!"

"Na kamati?"

"Wamekaa vikao vitatu!"

"Vikao vitatu," akasema. "Na kutoka kanisani hadi kwangu ni kutembea tu. Hakuna aliyeweza kuja akaniambia?"

Akachukua chungwa kwenye kapu, akalimenya, akanipa nusu, na nikalila nimekaa mbele yake.

Hospitali walimwambia masikio yamechoka. Tulirekodi upya baada ya wiki mbili. Safari hii mama mwenyewe alimvuta mhazini asimame karibu naye, akauweka mkono wa mhazini kwenye kiwiko chake yeye. Akizidi, mhazini anambonyeza, na mama anashuka. Mhazini anachelewa kidogo, kama ile ya fedha, lakini anamshusha mama peke yake na wengine wanabaki walipo, na hilo nakala zangu zote nne zilishindwa. Nilizifuta siku hiyo hiyo, kutu na joto vyote. Kamati iliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba inaipongeza mashine.

Mwenyekiti alirudi kwangu baadaye. Alikunywa chai, akauliza mvua, akauliza mahindi, kisha akataka kujua kama ipo mashine ya kufupisha mahubiri. Nikamwambia aende akamwambie mchungaji. Alinitazama kama nimemtukania mzazi.

Mama mkwe sasa anakuja kila wiki. Namwamkia kuanzia getini kwa sauti ambayo jirani yangu, nadhani, haipendi; juzi nilimuuliza kama namsumbua, akasema hapana kabisa, jirani, akafunga dirisha. Mama akisikia shikamoo yangu husimama pale pale njiani, akaweka kapu chini, akanijibu, "Marahaba, baba," na habari za mvua tunazizungumza baadaye, tukiwa tumekaa.